Sam Ntiro, mchoraji wa vihamba vya Kilimanjaro

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza. Alipofariki mwaka 1993 alikuwa amepita njia ndefu: mwanafunzi wa sanaa Makerere na London, mwalimu wa vyuo vikuu, mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika huru nchini Uingereza, na Kamishna wa Utamaduni wa Tanzania. Vyeo vilikuja na kuondoka. Kazi ya brashi haikuondoka, wala haikubadilika sana: tangu ujana hadi uzee alichora watu wa mlimani wakilima, wakivuna, wakijenga, wakibeba pombe na wakienda harusini. Leo jina lake linatajwa zaidi na wanahistoria wa sanaa kuliko na wananchi aliowachora, na hilo ni kosa letu sisi tunaosoma zaidi kuliko lake.

Ili kuielewa kazi hiyo ni lazima kuanza na ardhi. Mchagga wa enzi za utoto wa Ntiro aliishi ndani ya kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Migomba ilisimama juu kama paa, mibuni ikakaa chini ya kivuli chake, na ng'ombe walilishwa zizini kwa majani ambayo wanawake waliyakata mbali tambarare na kuyapandisha mlimani kwa kichwa. Maji yalishushwa kutoka msituni kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na koo na kusafishwa kwa zamu, na aliyekwepa zamu yake alitozwa. Kwa msomaji wa Rubavu, Rwanda, mandhari haya si mageni: mlima, ukungu wa asubuhi, migomba inayogusa ukuta wa nyumba, kahawa, na barabara yenye watu waliobeba mizigo kichwani. Hata pombe zinafanana. Mbege ya Kilimanjaro hupikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, urwagwa wa Rwanda hutengenezwa kwa ndizi na unga wa mtama, na kote kuwili hakuna posa, harusi wala upatanisho unaokamilika bila chombo hicho kuzunguka mkono kwa mkono.

Machame ilikuwa pia nchi ya shule. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifungua kituo hapo mwaka 1893, na kahawa ikawapa wazazi fedha za ada. Chama kikuu cha ushirika cha Wachagga, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, Ntiro akiwa na miaka kumi, na watoto wa kizazi chake walikua wakiona wakulima wakiuza mazao yao wenyewe, wakiendesha ofisi na kudai hesabu. Haishangazi kwamba katika picha za Ntiro mkulima hachorwi kama mtu wa kuhurumiwa.

Katikati ya miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda, chuo pekee cha elimu ya juu ambacho vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikitazamia wakati huo. Huko alimkuta Margaret Trowell. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka 1904, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1929 akifuatana na mumewe, daktari Hugh Trowell. Waliishi kwanza Kenya, na baadaye mume akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mama huyo alianza kuwafundisha uchoraji wanafunzi wachache, na mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Kutokana na darasa hilo dogo ikakua shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo ina jina lake.

Namna yake ya kufundisha inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyomtengeneza Ntiro. Trowell hakuanza kwa kumweka mwanafunzi mbele ya chungu au sanamu ya plasta na kumwambia anakili. Aliwasimulia jambo: soko siku ya gulio, dhoruba inayoshuka mlimani, watu wanaorudi kutoka mazishini, kisa cha Biblia kilichotokea kana kwamba ni kijijini kwao. Aliyataja mambo madogo madogo, mwanga, kelele, harufu, huku wanafunzi wakifumba macho. Picha ikishatulia akilini ndipo waliposhika brashi. Njia hiyo aliipata kwa mwalimu wake wa London, Marion Richardson, aliyeitumia kwa watoto wa Kiingereza. Huko Kampala njia hiyo ikapata maana nyingine. Mwanafunzi ambaye hakuwahi kuona jumba la makumbusho aliambiwa kwamba jumba hilo analo tayari kichwani, nalo ni kijiji chake.

Kulikuwa na upande wa pili, na haifai kuuficha. Trowell aliogopa kwamba masomo ya Kizungu yangeharibu kile alichokiona kuwa kipaji safi cha Mwafrika, hivyo kanuni za kuchora vitu vya mbali kwa udogo unaopimwa, au maumbile ya mwili wa binadamu, hazikupewa nafasi ya kwanza. Nia ilikuwa njema. Lakini kumwamulia mtu mzima ni maarifa gani yamfae na yapi yamchafue ni ulezi wa kikoloni, hata ukitolewa kwa upole. Wanafunzi wake wenyewe waliupita mpaka huo, kila mmoja kwa njia yake. Gregory Maloba wa Kenya, mwanafunzi wa mwanzo kabisa, alichonga mapema miaka ya 1940 sanamu ya mti aliyoiita Kifo, yenye uzito ambao hakuna darasa la kufumba macho lingeweza kuutabiri. Baadaye ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962.

Hofu hiyohiyo ya Trowell ilikuwepo upande uliotawaliwa na Wabelgiji. Katika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana baada ya Vita Kuu ya Pili na kuwakataza wachoraji wake kuiga Ulaya. Humo ndimo walimotokea Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, kila mmoja na mkono wake usiofanana na wa mwenzake. Nyundo nayo, kilomita chache kutoka mjini Gisenyi, ilipata shule yake ya sanaa chini ya mwavuli wa Kanisa katika miaka ya 1950, enzi za Askofu Aloys Bigirumwami, na shule hiyo imekuwa kitalu cha wachoraji na wachongaji wa Rwanda tangu hapo. Swali lililoulizwa Kampala, Elisabethville na Nyundo lilikuwa moja: kijana wa Kiafrika afundishwe sanaa ya nani? Tofauti ni kwamba Makerere ilikuwa chuo cha elimu ya juu, na mapema ilianza kuwapa wahitimu wake kiti cha mwalimu.

Ntiro alikuwa mmoja wa waliopewa kiti hicho. Alipomaliza masomo alibaki Makerere akifundisha, na kwa miaka kadhaa yeye na Maloba ndio Waafrika waliosimama mbele ya darasa la sanaa, mmoja upande wa rangi, mwingine upande wa uchongaji. Mwanafunzi aliyetoka Kilimanjaro, Buganda au pwani aliona kwa macho yake kwamba uchoraji ni kazi ambayo mtu mweusi aliyesoma anaweza kuifanya maisha yake yote, jambo ambalo wazazi wengi hawakulikubali. Mtoto aliyepelekwa Makerere alitarajiwa kurudi daktari, mwalimu wa hesabu au karani mkubwa wa serikali.

Ntiro aliandika pia. Kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, kilitolewa Nairobi mwaka 1953. Si bahati kwamba mchoraji ndiye aliyeandika kitabu hicho. Mambo anayoyashughulikia mwandishi wa desturi, nani anambebea nani pombe, nani anatangulia, nani anafuata, kazi ipi inafanywa na wanawake na ipi na wanaume, ndiyo yanayoamua mahali pa kila mtu katika picha zake. Mtazamaji asiyejua desturi huona msururu wa watu. Anayejua huona ndugu wa bwana harusi, wazee, na zawadi iliyopangwa kwa utaratibu wake.

Mwaka 1952 alikwenda London, katika Shule ya Sanaa ya Slade, akakaa hadi 1955. Slade ya wakati huo ilikuwa chini ya William Coldstream, mchoraji aliyepima kila kitu: umbali kati ya jicho na sikio la aliyekaa mbele yake, pembe ya bega, upana wa kiti, alama ndogo za vipimo zikibaki zikionekana kwenye turubai. Hakuna mbinu iliyo mbali zaidi na ya Trowell. Humo Ntiro alichora watu waliokaa uchi mbele ya darasa, akasoma historia ya sanaa ya Ulaya, akatembea majumba ya picha. Mwaka 1954 aliingia pale Msudani Ibrahim El-Salahi, ambaye baadaye angejulikana dunia nzima kwa kuunganisha mwandiko wa Kiarabu na uchoraji wa kisasa.

Kilichotokea baada ya London ndicho kinachomfanya Ntiro awe wa kufikiriwa upya. Wengi walitarajia arudi amebadilika. Hakubadilika. Milima yake iliendelea kupanda moja juu ya nyingine mpaka ukingo wa juu wa turubai, bila mistari kukutana mbali. Miti ilibaki kurudiwarudiwa, mgomba baada ya mgomba, kila mmoja na umbo lilelile. Watu walibaki wadogo, wengi, wenye rangi nzito za kijani, bluu, nyekundu na kahawia, na nyuso zao mara nyingi hazina macho wala midomo. Mwili mmoja ukiutazama peke yake hauna la kusema. Ukiwatazama ishirini kwa pamoja, wameinama pembe moja, wanaanza kwenda.

Kazi yake inayojulikana kuliko zote ilichorwa mwaka 1956, mara baada ya Slade. Inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na ni turubai dogo la rangi za mafuta, la urefu wa sentimita hamsini hivi, ambalo mtu anaweza kulibeba kwapani. Mwaka 1960 lilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, MoMA, wakati ambapo kazi za wachoraji wa Afrika waliokuwa hai zilikuwa chache mno katika jumba hilo. Mada yake ni ya nyumbani kabisa: si vita, si mfalme, si mnyama wa porini wa kumfurahisha mgeni. Ni watu na mizigo yao, njiani, gizani, wakitekeleza wajibu wa ndoa. Usiku wenyewe, ambao mchoraji aliyesoma London angeweza kuutumia kuonyesha ufundi wa taa na vivuli, kwake ni rangi tu iliyotandazwa juu ya kila kitu.

Wahakiki walimwita mchoraji wa kitoto, asiyejua kuchora mwili wala umbali. Hukumu hiyo ni dhaifu. Mtu aliyepita miaka mitatu katika shule iliyopima kila pua na kila kiwiko hawezi kusemwa hajui kupima. Aliyejua na akaacha ameamua. Sababu ya uamuzi huo inaonekana ndani ya picha zenyewe. Kipimo cha Coldstream kinahitaji mtazamaji mmoja aliyesimama mahali pamoja, akimtazama mtu mmoja. Kijiji cha Ntiro hakitazamwi na mtu mmoja. Kinakumbukwa na wote waliokaa humo, kwa hiyo shamba la mbali halipungui kwa kuwa mbali, na mzee hapungui kwa kusimama nyuma. Hata hivyo kuna bei aliyoilipa. Picha zake za miaka ya baadaye hujirudia, na baadhi zina ulegevu wa mkono uliozoea. Mchoraji anayechota kumbukumbu ileile kwa miaka arobaini hufika mahali ambapo anaikumbuka picha yake ya zamani badala ya kijiji.

Makerere aliyoirudia ilikuwa ikibadilika. Trowell aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1950, na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, aliyeamini kinyume chake: wanafunzi wasome historia ya sanaa ya dunia nzima, nadharia ya rangi, maumbile ya mwili, na washindane na yeyote. Shule ikapata nidhamu mpya na wasanii wenye nguvu. Njia ya kusimulia na kufumba macho ikaonekana ya shule ya msingi. Ntiro alibaki mwakilishi wa ile ya zamani, na tangu hapo historia ya sanaa ya Afrika Mashariki imekuwa ikimweka upande wa Trowell na kusonga mbele haraka.

Matunda ya zama za Trowell hayakuwa madogo, hata hivyo. Mchagga mwingine, Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932, alipita Makerere katika miaka ya 1950. Kati ya 1956 na 1959 alichora kuta za kanisa la kumbukumbu ya mashahidi la Fort Hall, Murang'a ya sasa, akimwonyesha Kristo akizaliwa katika nchi ya Wakikuyu, kwenye mashamba na vilima vyao, wakati majeraha ya hali ya hatari ya enzi za Mau Mau hayajapona. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya sanaa iliyoendeshwa na Waafrika wenyewe. Namna ya kukiweka kisa kikubwa katika mandhari ya kijijini, aliyoipata darasani kwa Trowell, ilifika ukutani Murang'a ikiwa na ukubwa ambao Ntiro mwenyewe hakuutafuta.

Mwaka 1958 Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha kutoka Hoima, Bunyoro. Yeye alihitimu Oxford mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo hicho, na alikuwa mwalimu na mtetezi wa elimu ya wasichana Uganda; alifariki mwaka 2018. Ndoa ya Mchagga na Mnyoro, wote wasomi, ilikuwa sura ya Afrika Mashariki ambayo Makerere iliizaa kabla ya mipaka kuwa migumu. Maisha yao yaligawanyika baina ya nchi mbili, na habari za mke, ambaye alijenga jina lake bila kutegemea la mume, zinastahili makala yake.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Nchi ilikuwa na wahitimu wachache mno, na Ntiro, aliyeijua London, aliteuliwa kuiwakilisha huko. Alishika wadhifa huo hadi 1964, mwaka wa mapinduzi ya Zanzibar na wa Muungano. Mchoraji katika ubalozi ni jambo lisilo la kawaida hata leo, lakini serikali changa haikuwa na anasa ya kuchagua. Mtu aliyeweza kuzungumza na Waingereza bila kuwaogopa alikuwa hazina, awe amesomea sheria au rangi za mafuta.

Aliporudi alikuta taifa linalotafuta sura yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alikuwa ameunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa hoja kwamba ukoloni uliwafundisha watu kudharau ngoma na nyimbo zao. Ntiro akawa Kamishna wa Utamaduni, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaipa sera hiyo mwelekeo wa ujamaa. Hapo ikatokea sadfa ya ajabu. Kazi ya pamoja shambani, nyumba inayojengwa na kijiji kizima, mavuno yanayobebwa na wengi: serikali sasa ilitaka sanaa inayoonyesha mambo hayo, naye alikuwa ameyachora kwa miaka ishirini bila kuagizwa na mtu. Mtazamaji wa Rwanda angeweza kuziita picha zake picha za umuganda, kazi ya pamoja ya nchi hiyo. Tofauti ni kwamba kazi ya pamoja ya Ntiro inaanzia kwenye ukoo na mfongo wake, si kwenye tangazo la kiongozi, na ndiyo maana hata picha zilizoipendeza sera hazina harufu ya bango.

Wakati kamishna akishughulikia sanaa ya taifa kutoka ofisini, jijini Dar es Salaam kijana wa Tunduru aitwaye Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi za baiskeli. Hakusomea sanaa popote. Aliwafundisha ndugu na jamaa wachache kwa kuwaweka karibu wakimtazama, na alipouawa kwa risasi ya polisi kimakosa mwaka 1972, wanafunzi hao waliiendeleza kazi yake hadi ikawa jina la mtindo mzima. Ukiwapima kwa umaarufu, Tingatinga amemshinda Ntiro kwa mbali. Picha za Tingatinga zilikuwa na mteja tayari, mgeni wa mtaa wa Oysterbay aliyetaka twiga wa kurudi naye kwao. Picha ya wanawake wakipanda mlima na majani ya ng'ombe haikuwa na mteja wa namna hiyo, na Mchagga mwenye fedha alijenga nyumba ya matofali kabla ya kufikiria kununua mchoro wa kuning'iniza ukutani.

Sehemu ya mwisho ya kazi ya Ntiro ilikuwa darasani tena, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako idara ya sanaa, muziki na maigizo iliundwa katika miaka ya 1970. Huko alifundisha pamoja na kizazi kilichokuja baada yake, akiwemo Elias Jengo, mhitimu wa Makerere ambaye naye alikuwa mchoraji na mwalimu. Zilikuwa nyakati ngumu kwa ufundi huo. Vita dhidi ya Idi Amin na upungufu wa fedha za kigeni viliifanya rangi ya mafuta na turubai kuwa bidhaa adimu, na idara ililazimika kufundisha kwa vilivyopatikana. Kwa walimu kama Ntiro, hoja ya zamani ya Trowell, kwamba msanii huanza na alichonacho kichwani, ikawa pia hoja ya bajeti.

Turubai la mwaka 1956 bado limo katika hazina ya MoMA. Mwanafunzi wa Nyundo au wa Goma anayetaka kuliona anaweza kulipata kwa simu, katika orodha ya jumba hilo iliyo wazi mtandaoni, kwa jina la Sam Joseph Ntiro.